Mkunga Kwenye Orodha ya Waandishi

Simu ililia mara ya tatu siku hiyo Gunnvor akiwa anamenya viazi, na kabla hajaishika alikwisha kujua kwamba ni mwandishi. Watu wa kawaida wa Finnsnes, kaskazini mwa Norwe, hawampigii mtu simu saa kumi alasiri, kila nyumba ikiwa mezani kwa chakula kikuu.

"Samahani, ni mama mkunga?" Sauti ya kike, ya kijana.

"Mkunga mstaafu."

"Nina swali dogo tu. Mtoto anaweza kuzaliwa ndani ya lifti kwa dakika saba?"

"Wa ngapi?"

"Wa ngapi nini?"

"Huyo mtoto. Ni wa kwanza wa mama yake au wa nne?"

"Bado sijaamua."

"Basi kaamue kwanza, ndipo unipigie," Gunnvor akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Aliyemtia katika balaa hilo alikuwa Solfrid, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya chama cha waandishi wa kaskazini. Chama kilikuwa kimetoa kijitabu cha kuwasaidia watu wanaoishi kwa kalamu. Kilieleza namna ya kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, namna ya kuandika barua ya kuomba ruzuku, na mahali pa kupata nyumba tulivu ya kufanyia kazi. Kurasa za mwisho zilikuwa na orodha ya wataalamu ambao mwandishi angeweza kuwauliza mambo asiyoyajua: daktari wa kupasua maiti, nahodha wa zamani, fundi wa kufuli, daktari wa mifugo aliyetibu kulungu maisha yake yote, na Gunnvor Isaksen, mkunga kwa miaka arobaini na moja.

"Watakuwa wachache tu, shangazi," Solfrid alimwambia. "Tena ni watu wapole."

Upole walikuwa nao. Kilichomchosha Gunnvor si kuulizwa, maana kuulizwa alikuwa amezoea. Kilichomchosha ni kuulizwa, akajibu kwa makini, halafu jibu likatupwa dirishani. Mshairi mmoja alimpigia kutaka kujua kondo la nyuma lina rangi gani. Gunnvor akaeleza vizuri kabisa: kama maini mabichi, na upande wa pili unang'aa kijivu. "Asante sana," mshairi akasema. "Nitaandika zambarau." Mwingine alitaka mtoto azaliwe huku anacheka. Fundi wa kufuli alikwisha kuomba jina lake lifutwe kabla hata ya Pasaka, na Gunnvor alimwelewa.

Halafu akaja Eilert Nymo.

Huyu hakuwa mwanagenzi. Alikuwa na riwaya tisa nene za wavuvi, zile zinazopangwa kwenye madirisha ya maduka kila Krismasi. Gunnvor alipewa moja zamani na akaishia katikati. Aliishi Tromsø, alikuwa na miaka hamsini na kitu, na sauti ya mtu asiyekatizwa mara kwa mara. Alieleza kwamba katika kitabu chake kipya mwanamke aitwaye Borghild anajifungua mwaka 1958, kisiwani Senja, ndani ya banda la mashua, wakati wa dhoruba, mumewe yuko mbali kwenye uvuvi wa chewa. Angependa jicho la mtaalamu. Akatuma sura nzima kwa posta, kurasa kumi na nne.

Gunnvor alikaa na penseli nyekundu asubuhi nzima. Alipata makosa arobaini na moja, na bado alikuwa hajafika mwisho. Lakini lililomkera kuliko yote hakulitia alama, maana halikuwa kosa la utaalamu. Katika sura ile kila kitu kilikuwa na jina, hata mbwa, hata mashua. Mkunga peke yake hakuwa na jina. Alikuwa "yule mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa," alinuka mafuta ya samaki, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele "Sukuma!" kuanzia ukurasa wa kwanza.

Siku alipopokea masahihisho, Eilert alipiga simu.

"Mama Gunnvor, umenichinja."

"Bado. Nimeishia ukurasa wa kumi na mbili, penseli ikaisha."

"Nakubali mengi. Lakini mengine..."

"Niambie kitu kimoja. Hayo maji ya moto ni ya nini?"

"Ya kuzalishia."

"Unayafanyia nini hasa?"

"Mama, kila kitabu kina maji ya moto."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, siviulizi vitabu. Una sufuria tatu zinachemka tangu ukurasa wa pili, na hakuna mtu aliyezigusa mpaka sura inaisha. Utawaunguzia watu banda lao."

"Ni picha tu, inajenga hali."

"Na kisu cha kupasulia samaki, kilichokata kitovu. Kimeoshwa?"

"Kuna dhoruba, mama! Nani ana nafasi ya kuosha?"

"Una sufuria tatu za maji ya moto, na kisu hujaosha!"

Eilert alicheka, lakini cheko la mtu aliyebanwa. Kisha akaanza kueleza, taratibu, kama anayezungumza na mtu mgeni wa jambo, kwamba hospitali ina ukweli wake na hadithi ina ukweli wake. Msomaji hawezi kukaa saa kumi na nne akimsubiri Borghild.

"Borghild mwenyewe alikaa," Gunnvor akasema.

"Basi andika wewe, mama. Andika sawasawa ilivyo, uniletee nisome."

Alilisema kwa hasira, wala hakulimaanisha. Gunnvor alilichukua kama lilivyosemwa. Siku ileile alikwenda dukani akanunua daftari.

Siku tisa alikaa meza ya jikoni. Alidhani itakuwa kama kuandika taarifa ya zamu, na taarifa za zamu alikuwa ameandika maelfu. Jumapili Solfrid alipokuja kula, Gunnvor alivaa miwani akamsomea. Saa mbili na robo, njia imefunguka sentimita mbili. Saa tatu, vilevile. Saa nne, vilevile, mama amekula mkate kwa jibini. Saa tano na nusu, sentimita tatu, mama anauliza kama mvua imeacha. Alipofika saa nane aliinua macho akamkuta Solfrid anatazama simu yake chini ya meza.

"Hunisikilizi."

"Nasikiliza, shangazi. Sentimita tatu."

"Tumeshafika tano!"

"Ni kwamba... yote ni kweli, naona kabisa ni kweli. Lakini hakuna kinachotokea."

"Ndivyo kunavyokuwa! Hakuna kinachotokea, halafu kinatokea!"

Alilifunga daftari kwa kishindo. Alikuwa amemkasirikia Solfrid na Eilert, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, maana alipoyasikia maneno yake kwa sauti hata yeye alipiga miayo. Alikuwa amekaa na wanawake zaidi ya elfu tatu katika saa zile ndefu, na hakuna hata saa moja iliyomchosha. Iweje karatasini zimchoshe?

Jumatatu alianza upya. Safari hii aliacha saa. Aliandika juu ya mwanamke, na mvua, na baba mkwe aliyekuwa akizungukazunguka mlangoni akiuliza kila dakika kama kuna habari. Kalamu ikaenda vizuri, kurasa mbili, tatu. Kisha akasimama, akasoma mstari wa mwisho aliouandika. Mkunga alikuwa amemgeukia baba mkwe na kumwambia, "Nenda kachemshe maji."

Gunnvor aliitupa kalamu. Alizunguka jikoni mara mbili huku akijitukana kwa sauti. Halafu akaketi tena, maana ilikuwa kweli. Alikuwa amelisema hilo mara ngapi katika miaka ile ya mwanzo, alipokuwa akiitwa majumbani? Si kwa sababu maji yalihitajika. Ilikuwa ili mwanamume apate shughuli, atoke mlangoni, mama apumue. Maji yakishachemka walikuwa wakiyanywea kahawa.

Kwa mara ya kwanza ni yeye aliyempigia Eilert. Alimweleza, na upande wa pili akasikia tak tak tak.

"Unaandika?"

"Naandika. Endelea, mama. Baba mkwe anachemsha maji, mkunga ananywa kahawa. Halafu?"

"Hakuna halafu. Nimemaliza."

"Mkunga akiogopa, anafanya nini?"

"Haogopi."

"Hakuna mtu asiyeogopa."

"Anaongea," Gunnvor akasema bila kufikiri. "Anaongea bila kuacha, ili mama asisikie kimya."

"Anaongea nini?"

"Chochote. Mapazia."

Hapo angeweza kukata simu, na baadaye alijilaumu kwamba hakukata. Lakini Eilert, ambaye hakujua kusikiliza, safari hii alikaa kimya kabisa, na kimya kile kikamvuta. Akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Machi 1977, alikuwa na mwaka wake wa pili kazini, katika nyumba ndogo ya kuzalia upande wa magharibi wa Senja. Daktari amekwama upande wa pili wa mlima kwa theluji. Mtoto akatoka bila kulia, mweupe, amelegea kama glavu. Gunnvor alimlaza kwenye meza ya pembeni, akampa mama mgongo, akaanza kumpulizia hewa kwa mfuko wa mpira. Nyuma yake mama akauliza, "Mbona halii?" Naye akajibu, "Namsafisha tu." Halafu akaanza kuyasifu mapazia ya chumba kile. Maua yake madogo, mshono wake, aliyeyashona lazima awe na mkono mzuri, yeye angependa ya namna ileile nyumbani kwake. Dakika nne na kitu alizungumzia mapazia, huku akibonyeza mfuko. Kisha mtoto akakohoa, akalia, na Gunnvor akamkabidhi kwa mama yake akitabasamu. Na mama hakuambiwa, siku ile wala siku nyingine.

"Hiyo si ya kitabu," Gunnvor akasema mwishoni.

"Nimeelewa," Eilert akasema.

Baada ya wiki mbili bahasha ikaja. Gunnvor aliifungua akiwa amesimama, penseli mkononi. Eilert alikuwa ameiondoa dhoruba. Kisu kilikuwa kimeoshwa. Mkunga sasa alikuwa na jina, Ragna, na hakunuka chochote. Na tukio zima lilikuwa limehamishwa kutoka banda la mashua hadi chumba cha ghorofani, ili mwandishi apate pa kutundika mapazia.

Alisoma mpaka mwisho. Hakuitumia penseli hata mara moja, na hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko wizi wenyewe. Kilikuwa kitu kizuri.

"Futa," alimwambia kwenye simu, bila hata kumsalimu.

"Mama Gunnvor, nimebadilisha kila kitu. Mwaka, majina, nyumba."

"Nilikwambia si ya kitabu! Ulisema umeelewa!"

"Nilielewa. Halafu nikakaa kuandika kitu kingine, kikakataa."

"Aslaug yuko hai, wewe bwana! Anakaa hapa hapa Finnsnes, anaimba kwaya. Anasoma vitabu vyako, sijui kwa nini. Atakifungua Krismasi, atakuta mapazia yake."

"Atafurahi, labda."

"Hajui!" Gunnvor alipiga kelele mpaka akashtuka mwenyewe. "Hajui kwamba mwanawe alikuwa kimya. Nilimwambia namsafisha."

Sauti ya Eilert ilishuka.

"Ukisema nifute, nafuta leo hii," akasema. "Kwa kweli nafuta. Ila huyo mama ana miaka sabini sasa, na mtoto ni mtu mzima. Unamficha nini tena?"

Gunnvor alikata simu. Akampigia Solfrid, akamweleza Eilert alivyoandika na alivyouliza, akamwamuru amtoe kwenye orodha, leo, kabla ya saa sita. Waandishi ni wezi, akasema, watu wanaopewa na chama kijitabu cha kuwafundisha kuomba ruzuku wakati walichotakiwa kufundishwa ni adabu. Solfrid akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Shangazi, umeudhiwa na kile alichoandika, au na kile alichokuuliza?" Gunnvor akamkatia simu naye pia.

Siku mbili hakumpigia mtu. Siku ya tatu, Jumatano asubuhi, alitia zile kurasa na bahasha yake kwenye mkoba, akavuka mtaa hadi zile nyumba za ghorofa karibu na daraja, akabonyeza kengele ya Aslaug.

Kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana kwa mbali. Akimwona Aslaug dukani kwenye rafu za maziwa, Gunnvor alipita kwenye rafu za sabuni. Sasa Aslaug alifungua mlango akiwa na unga mikononi, maana alikuwa akichoma lefse, ile mikate myembamba ya viazi, na usoni hakuonyesha kushangaa sana.

"Ingia, dada. Usikanyage hapo, pameloa."

Gunnvor hakungoja kahawa. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, koti bado mwilini, akasema yote kwa mkupuo kama mtu anayetapika: mtoto alivyotoka, meza ya pembeni, mfuko wa mpira, uongo aliomwambia, na kurasa za Eilert zilizomo mkobani. Aslaug aliendelea kugeuza lefse kwa kile kijiti kirefu. Iliyokuwa kwenye bamba haikuungua.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Nne. Karibu nne na nusu."

"Mimi nilidhani kumi."

Gunnvor alimtazama.

"Ulijua?"

"Gunnvor, yale mapazia yalikuwa mabaya ajabu. Kila mtu alijua yalikuwa mabaya. Wewe ulisimama pale umenipa mgongo, unayasifu kama umeona mavazi ya malkia. Nilikuwa nimechoka lakini sikuwa mjinga."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Niseme nini? Ulikuwa msichana wa miaka ishirini na nne. Nilikuwa naona viwiko vyako vinatetemeka. Nikajiambia, nikimuuliza huyu mara ya pili atalia, na akilia, nani atampulizia mwanangu? Basi nikakujibu. Hukumbuki? Nilikwambia aliyeyashona ni mke wa mchungaji. Nilibuni. Sikujua nani kayashona."

Gunnvor alitaka kubisha. Alikumbuka. Alikumbuka sauti nyuma yake ikimjibu, shwari kabisa, mke wa mchungaji, na jinsi sauti ile ilivyomtuliza mikono. Miaka yote aliamini ni yeye aliyekuwa akimbeba mwenzake. Macho yalimjaa maji, na papo hapo akashikwa na hasira, akaikimbilia maana ilikuwa rahisi zaidi.

"Miaka arobaini na minane nakukwepa dukani!"

"Mimi nilidhani hunipendi."

"Nimenunua sabuni nisizozihitaji!"

Aslaug alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akafuta mikono, akamwekea Gunnvor begani mkono wake wa moto, akauacha pale muda. Baadaye akamvua koti, akammiminia kahawa, akampa lefse yenye siagi na sukari, akavaa miwani.

"Lete hizo karatasi."

Alisoma polepole, akinyoosha kidole chini ya mistari. Mara mbili aligeuka akatazama dirishani. Alipomaliza alizipanga kurasa zikae sawa.

"Anaandika vizuri kuliko nilivyofikiri. Lakini huyu Borghild wake amelala tu anaamini kila kitu. Mpumbavu huyu."

"Niliyemsimulia mimi ndiye huyo."

"Basi mpigie, umwambie kakosea. Na mapazia yalikuwa kijani, si manjano. Na ngoja, kabla ya hayo yote. Nitamwambia mwanangu Steinar mimi mwenyewe, Jumapili, akija kula. Mpaka nimwambie, kitabu kisiende popote."

Gunnvor alipiga, akaiweka simu katikati ya meza, sauti wazi, ili wote wasikie. Eilert alipokea kwa sauti ya mtu anayengoja kuhukumiwa.

"Nimefuta, mama," akasema haraka. "Asubuhi hii. Nimerudisha banda la mashua."

"Umerudisha na dhoruba?"

"Na dhoruba."

"Ondoa!" wakasema wanawake wawili kwa pamoja.

Ilichukua muda kumweleza nani yuko mezani. Ilichukua muda zaidi kumweleza kwamba Borghild anajua, na kwamba asiyejua ni mkunga, maana hajui kwamba Borghild anajua. Eilert aliguna. Akasema hilo linamaanisha kuandika sura nzima upya. Akasema mhariri anamsubiri tangu Pasaka na amekwisha kuacha kumwandikia kwa heshima. Akasema angekuwa na akili angeandika kuhusu wafugaji wa nyuki. Gunnvor alimwacha alalamike mpaka pumzi ikamwishia.

"Ngoja," Eilert akasema kisha, sauti imebadilika. "Kwa hiyo wote wawili wanazungumzia mapazia, na kila mmoja anafanya hivyo kwa ajili ya mwenzake."

"Ndiyo," Aslaug akasema.

"Mungu wangu." Tak tak tak. "Mungu wangu, hiyo ni bora mara kumi. Niambieni, hayo mapazia yalifunguka kuelekea wapi? Dirisha lilitazama nini?"

"Gatini," Gunnvor akasema.

"Mlimani," Aslaug akasema.

Wakatazamana.

"Gatini, dada. Nilikuwa naona mashua."

"Ulikuwa unaona nini, na ulikuwa unautazama ukuta? Mimi ndiye niliyelala pale siku tano. Mlimani."

"Gati lilikuwa kushoto kwa mlango wa mbele, na chumba kilikuwa..."

"Chumba kilikuwa nyuma!"

"Nyuma palikuwa jikoni!"

"Halo?" ikasema simu katikati ya meza. "Nani kasema gatini?"

Aslaug alikuwa amekwisha kuigeuza bahasha ya Eilert upande wa nyuma na kuanza kuchora nyumba, na Gunnvor, akitafuna, alikuwa akimwambia mlango kauweka pasipo pake.